Mvua Niliyoiandika Bila Kuipima

Machi 4

Kuanzia leo mimi si karani wa barua peke yake, ni karani wa barua na mvua. Bwana Mhandisi, ambaye tunamwita Bwana Tayari kwa sababu hamalizi sentensi bila kuuliza "Tayari?", amenikabidhi vipimo viwili vya mvua, gilasi yenye mistari, na kitabu chenye jalada jeusi. Kipimo cha kwanza kiko bustanini mwa ofisi, katikati ya mawaridi ya mke wake. Cha pili kiko kileleni, penye mlingoti wa bendera, mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye mapafu mazima. Kila asubuhi nivisome, nimwage maji, niandike.

Sababu alinieleza kwa kidole juu ya ramani. Kituo hiki kipo kwa kuwa Wazungu hawawezi joto la bondeni, na barabara ya kuwapandisha kwa gari lazima iishe kabla ya wageni wa Julai. Wafanyakazi wa barabara wanalala kambini, ndani ya korongo, chini ya kilele. Kilele kikipata zaidi ya inchi tatu kwa siku moja, kambi nzima ihamie stoo ya saruji mpaka mvua ipungue. Mimi ndiye wa kumwambia mnyapara.

Nilithubutu kuuliza kwa nini kambi isijengwe huku juu, penye uwanda. Akasema uwanda ni wa uwanja wa tenisi, na tena moshi wa majiko ungeingia kwenye nyumba za wageni. Nikasema ndiyo Bwana.

Nyumbani nilimwonyesha mke wangu ile gilasi. Akaigeuzageuza. "Kwa hiyo wamekupandisha cheo kwa kukupandisha mlima," akasema.

Machi 5

Chini: robo inchi. Juu: nusu. Mapaja yanawaka moto.

Machi 6

Chini: hakuna. Juu: robo.

Machi 10

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ameanza kazi ya barabara. Mimi ndiye niliyemwombea kwa mnyapara, baada ya mama mkwe kunisumbua wiki mbili kwamba kijana wake anakaa tu kama pambo. Leo nimepita kambini nikiteremka kutoka kileleni. Akaniona na gilasi yangu, akaacha sururu.

"Jamani, njooni mwone! Shemeji yangu analipwa kupima maji ya Mungu! Shemeji, leo ameteremsha vikombe vingapi?"

"Vya kutosha kukuosha wewe, kama ungekuwa unaoga."

Kambi nzima ilicheka, na mnyapara naye alicheka. Ni mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kuitia watu kutoka ng'ambo ya korongo. Hajui kusoma, lakini aliniomba nimfungulie kitabu, akautazama ukurasa kwa heshima kubwa. "Basi sisi tunalala kwa amri ya hiki," akasema. Nilijisikia mtu mkubwa, siwezi kukana.

Machi 18

Chini: nusu. Juu: inchi moja. Ukungu mzito, nimepotea njia mara mbili. Nimerudi na ruba watatu mguuni, mmoja mpaka ndani ya soksi.

Machi 19

Chini: nusu. Juu: moja na robo. Ruba wawili.

Machi 27

Homa. Nilikwenda ofisini nikitetemeka, nikasoma kipimo cha bustanini nusu inchi, nikautazama mlima, mlima haukuonekana. Nikakaa. Kwa wiki tatu nimeona kwamba juu hupata kama mara mbili ya chini, wakati mwingine chini ya hapo. Nikaandika: juu, inchi moja. Mkono ulikuwa mzito, lakini wino ulikauka kama siku zote.

Machi 28

Bado homa. Bwana Tayari alipitia kitabu, akaweka sahihi yake ndogo pembeni. "Vizuri sana. Tayari?"

Machi 30

Nimepona, nimepanda. Juu nilikuta inchi mbili na nusu za siku nne pamoja. Kwenye kitabu nilikuwa nimeandika jumla ya mbili na robo. Nilicheka peke yangu kule juu. Kumbe naweza kuujua mlima nikiwa nimekaa kwenye kiti!

Aprili 6

Sijapanda tangu juzi. Mvua kubwa, njia imekuwa utelezi mtupu, na barua zimerundikana mezani. Nimezidisha ya chini, nimeandika ya juu.

Mke wangu ameniuliza mbona viatu vikavu. Nimemwambia nimepita njia ya mawe. Uongo wa kwanza kwake, na ulitoka bila hata kukwaruza koo.

Aprili 9

Nimepanda. Tofauti ni nusu inchi tu. Sasa nina utaratibu: siku moja napanda, siku mbili nakadiria. Nadhani hata fundi wa saa hafungui saa kila siku.

Aprili 12

Chini: moja. Juu (kwa kukadiria): moja na nusu.

Aprili 13

Chini: nusu. Juu (kwa kukadiria): moja.

Aprili 17

Nimepanda, nimesoma, nimemwaga. Juu: inchi mbili. Kambini wanakata miti ya mteremko wa nyuma kwa ajili ya kuni, kwa kuwa zile walizoletewa zimelowa na baridi imewashika. Mnyapara ameruhusu. Shemeji ana kikohozi. Ameniomba koti langu la zamani, nikamwambia nitamletea.

Aprili 18

Chini: nusu. Juu: moja, mezani.

Aprili 19

Chini: moja kasorobo. Juu nimeandika moja na nusu. Sikupanda. Mvua ya huku ofisini ilikuwa manyunyu ya kawaida, ingawa kilele kilikuwa kimevaa wingu jeusi tangu jana na halikuvuliwa.

Saa kumi jioni mnyapara amekuja ofisini, kofia mkononi, shemeji nyuma yake amejikunyata.

"Karani, samahani kukusumbua. Maji ya korongo yamebadilika rangi. Yanateremka na mawe, unayasikia yanagongana. Juu kukoje?"

Nikafungua kitabu. Nilikifungua kweli, nikaweka kidole kwenye mstari kama hakimu.

"Moja na nusu. Ni nusu ya kiwango."

"Nusu tu?" Alisimama akiitafuna kofia kwa vidole. "Mimi nilitaka niwahamishie stoo leo."

"Stoo imejaa saruji. Mkiilowesha na nguo zenu, Bwana atanila mimi na wewe. Inchi tatu ndiyo amri, mnyapara, na leo hazijafika."

"Basi wewe ndiye unayejua." Akamgeukia shemeji. "Twende, kijana. Kitabu kimesema tulale."

Shemeji akanikumbusha koti. Nikasema kesho.

Aprili 20

Mlima umeshuka alfajiri. Mteremko wote wa nyuma ya kambi umekatika na kuingia korongoni. Naandika hivi na matope yako mpaka kwenye kalamu. Tulichimba kwa majembe, kisha kwa mabati, kisha kwa mikono. Tumetoa maiti tisa. Shemeji alikuwa wa saba. Nilimtambua kwa mguu.

Mke wangu alikuwa amesimama ukingoni na mama yake. Nilipopanda kuwaendea mke wangu alinikimbilia, akaniangukia, akalia kifuani mwangu. Nilimshika kichwa nikampa pole. Nikasema, "Kazi ya Mungu." Mdomo huu huu.

Mnyapara alitoka hai kwa kuwa alikuwa ameamka kuyasikiliza maji. Alichimba mpaka kucha zikang'oka, na kila aliyetolewa alimwita kwa jina lake kana kwamba anahesabu watu wa zamu.

Aprili 21

Nimepanda kileleni. Hakuna aliyenituma.

Chupa ya ndani ya kipimo ilikuwa imefurika, na kopo la nje limejaa karibu na ukingo. Haya ni maji ya tangu tarehe kumi na saba. Kwa kukadiria kwangu, mpaka asubuhi ya janga yangekuwa inchi nne, na tangu hapo mvua imekatika. Gilasi moja kamili ni nusu inchi. Nikaanza kupima. Nikijaza, nahesabu, namwaga. Ya nane ikapita. Ya kumi ikapita. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye majani yaliyolowa, nahesabu kwa sauti kama mtoto wa shule, na kila gilasi niliiomba iwe ya mwisho. Zilikuwa ishirini na moja. Inchi kumi na nusu kwa siku tatu.

Zigawanye utakavyo. Siku tatu, inchi kumi na nusu. Hata ukizigawanya sawasawa, kila siku imezidi inchi tatu, na mtu mwenye gilasi angeziona akiwa bado na mchana mzima wa kuwahamisha watu. Na mtu mwenye gilasi ni mimi.

Ile ya ishirini na moja niliishika muda mrefu. Ilikuwa ndiyo ushahidi pekee uliobaki duniani. Nikaimwaga. Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa, na mimi pale nilishukuru kwamba hayazoleki. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikushukuru.

Aprili 22

Tumezika. Nimebeba jeneza upande wa mbele. Watu wamenisifu kwa nilivyosimama na wakwe zangu.

Aprili 24

Mama mkwe ananiita "mwanangu" sasa. Zamani alikuwa akiniita karani.

Aprili 29

Hakimu amekuja kutoka bondeni. Baraza limekaa ukumbini mwa klabu, ambako sisi hatuingii isipokuwa na ufagio. Bwana Tayari alieleza kanuni yake ya inchi tatu, ambayo wote waliisifu. Kisha nikaitwa.

"Soma tarehe kumi na nane na kumi na tisa, kipimo cha kilele."

"Inchi moja. Inchi moja na nusu."

"Uliandika kwa mkono wako?"

"Ndiyo, Bwana." Na hilo ndilo lililokuwa kweli, niliandika kwa mkono wangu.

Hakimu akasema mvua kama hiyo haiwezi kuangusha mlima. Kama mvua haina kosa, basi kosa ni la mtu. Nani alikata miti ya mteremko? Wote wakamgeukia mnyapara.

Nilidhani atanitaja kwa ubaya. Nilikuwa namwomba Mungu anitaje! Angesema, "Mwulizeni vizuri yule karani," na mimi ningeanguka pale pale, yakaisha. Akasimama, vidole vimefungwa matambara, akasema, "Karani hana neno. Nilimwendea, akanifungulia kitabu, akaniambia ukweli uliomo. Kuni niliruhusu mimi. Watu walikuwa wanaona baridi."

Miaka mitatu, kazi ngumu. Gari la kumteremsha litakuja wiki ijayo, mpaka pale barabara ilipofikia.

Nilikaa kwenye kiti changu. Sikusimama. Nataka niliandike hili vizuri: nilikuwa na miguu miwili mizima na sikusimama.

Mei 1

Hakuna mvua. Nimepanda, nimesoma, sifuri juu, sifuri chini. Nimekuwa napanda kila siku tangu msiba. Faida yake nini, sijui.

Mei 2

Bombani, wanawake wa mtaa wa wafanyakazi wamemwondolea ndoo mke wa mnyapara kwenye foleni na kuimwaga. Mke wangu alikuwepo. Amenisimulia akiwa ameridhika. "Mume wake amemwua mdogo wangu kwa ajili ya kuni," akasema, "halafu yeye anataka maji." Mke wangu, mtu asiyeweza kumfukuza hata kuku wa jirani. Uongo wangu umemharibu na yeye.

Sikulala. Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa. Yangu mbona haifiki mwisho?

Mei 3

Nimemwambia Bwana Tayari.

Nilifunga mlango, nikasimama mbele ya meza, nikasema yote: homa, kukadiria, siku nilizopanda na nisizopanda, gilasi ishirini na moja. Alinisikiliza akipanga kalamu zake.

"Umefiwa," akasema mwisho. "Mtu aliyefiwa hujilaumu."

"Sijilaumu tu, Bwana. Nilifanya."

"Nakala ya kitabu imeshakwenda makao makuu, na sahihi yangu imo kila ukurasa." Akatazama dirishani, ambako walikuwa wanavuta kamba ya uwanja wa tenisi. "Ikiwa ni mvua iliyoua, watauliza nani aliweka kambi korongoni. Ikiwa ni kuni, hawaulizi. Pumzika siku mbili. Hili hukunieleza na mimi sikulisikia. Tayari?"

Miezi yote nilidhani mtu huyu anakiamini kitabu changu. Alikuwa anakihitaji tu. Na mimi nilitoka ofisini kwake, Mungu anisamehe, kwa nusu dakika nikiwa mwepesi, kana kwamba nimeshatubu.

Mei 4

Mahabusu iko nyuma ya kituo cha askari, chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Askari wa zamu aliniruhusu kwa kuwa humwandikia barua za kwao. Mnyapara amepungua. Alifurahi kuniona, akanipa pole tena ya shemeji, akauliza hali ya mama mkwe wangu. Kisha akasema:

"Karani, mimi huku nahesabu magogo. Tulikata thelathini na manne. Nalitafuta moja tu, lile lililokuwa limeushika mlima. Nikilala naliona hili, nikiamka nasema hapana, ni lile."

Nikashika nondo.

"Sikupanda."

"Hukupanda wapi?"

"Kileleni. Siku mliyokuja ofisini. Wala siku ya kabla yake. Ile moja na nusu niliitunga mezani. Juu kulikuwa na inchi kumi na nusu kwa siku tatu, nilizipima baadaye, nikazimwaga."

Nilisubiri anitemee mate. Nilitaka.

"Kwa hiyo si kuni?"

"Si kuni. Mlima ulikuwa umelewa maji. Mngekata msingekata, ungeshuka. Na ungeshuka juu ya kambi tupu, kama ningekwambia kweli."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akaniambia niseme mara ya tatu, polepole, na nilipomaliza alikaa chini sakafuni, akaweka uso kwenye yale matambara ya vidole vyake, akalia kwa ile sauti yake kubwa mpaka askari akaja mbio. Mwanzo nilidhani ni hasira. Alikuwa akisema, "Si mimi. Jamani, si mimi."

Akatulia. Akajifuta. Sauti yake iliporudi haikuwa ya yule mtu mpole.

"Umenilaza na watu wangu tisa wiki mbili, karani. Kila siku nawazika mimi."

"Nisamehe."

"Sijui. Usiniulize leo." Akainuka, akaja karibu na nondo. "Nani mwingine anajua?"

"Nimemwambia Bwana. Hakutaka kusikia."

"Bwana hakufiwa. Waliofiwa umewaambia?"

Nikaziachia nondo.

"Mimi nitateremka na gari lao, liwe liwalo," akasema. "Lakini mke wangu yuko bombani."

Mei 5

Nilipiga hodi kwa mama mkwe asubuhi. Mke wangu alikuwa pale, anamsukia mama yake nywele. Mama mkwe alinyanyuka kunipa kigoda chake mwenyewe. Nikakataa. Nikabaki nimesimama mlangoni, kofia mkononi, na nikagundua nimeishika kama mnyapara alivyoishika yake.

Nilisema bila kupaka sukari. Sikumtaja Mungu safari hii.

Mke wangu hakupiga kelele. Mikono yake iliganda kwenye nywele za mama yake. "Ulinishika kichwa," akasema. "Ulinishika kichwa ukanipa pole." Kisha, "Nilimwaga ile ndoo kwa mkono wangu. Hawakuimwaga wao, niliimwaga mimi." Akatoka kwa mlango wa nyuma, na sijui kama atarudi nyumbani kwangu. Sina haki ya kumwomba.

Mama mkwe alibaki na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama.

"Alikuwa anakohoa," akasema. "Alipokuja kwako jioni ile, alikuwa bado anakohoa?"

"Ndiyo, mama."

"Ungenidanganya tu hilo."

Niligeuka niondoke, kwa kuwa nilidhani ndiyo nafukuzwa. Akaniita, si mwanangu, wala karani. "Wewe! Unakwenda wapi? Wamekufa tisa. Umekuja kwa mmoja." Akajifunga kitambaa juu ya zile nywele, akatafuta ndala zake. "Sikufukuzi. Nikikufukuza, wengine nani atawaambia? Tunaanzia kwa mke wa mnyapara."

Mei 6

Mke wa mnyapara hakunikubalia ndani. Alitaka niseme bombani, mbele ya foleni yote, na niseme kwa sauti. Nilisema. Maji yakawa yanajaza ndoo na kupitiliza hakuna wa kufunga. Mke wangu alikuwepo, kwenye foleni. Hakunitazama. Aliichukua ndoo yake iliyojaa, akaenda kuiweka miguuni mwa mke wa mnyapara.

Kisha nyumba za waliofiwa. Mama mkwe anatangulia, anapiga hodi, anasema, "Huyu ana neno, msikilizeni mpaka mwisho," halafu anakaa nje kwenye ngazi. Ya kwanza walilia. Ya pili baba wa marehemu alinipiga kofi kabla sijamaliza, akanisukuma uani. Nikasimama pale uani mpaka akarudi mlangoni, nikamalizia. Ya tatu yupo mjane mjamzito. Aliniuliza kama nitayasema haya kwa Hakimu, gari la mnyapara lisiondoke. Nikasema ndiyo. Akasema niandike, yeye na wenzake wataweka dole gumba chini yake, na tutakwenda sote.

Tulipotoka kwake tarishi wa ofisi alikuwa ananitafuta mbio mbio, jasho linamtoka. Bwana amesikia. Bwana ananitaka sasa hivi, na kitabu cheusi, na funguo za ofisi.

Nimempa kitabu na funguo. Nimemwambia amwambie Bwana kwamba bado nina nyumba tano.